Waambieni Sipo

Vijana wangu wa chumba cha habari, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kaunta buku jipya, mkasema niandike humo miaka yangu ya kazi ili ninyi mje msome. Saa imetundikwa. Kaunta buku nimelianza mara nne, na mara zote nne nimekwama mahali palepale. Hii ni mara ya tano. Safari hii sitapazunguka. Nitapita katikati, na mkiona nimepotea njia, mjue kwamba hata mimi naona hivyo.

Mlitaka kazi, basi nianze na kazi.

Niliingia gazetini na cheti cha kidato cha nne na shati moja jeupe. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya magari, harufu ya oili upande huu na harufu ya wino upande ule. Mhariri alikuwa Mzee Aminieli, Mchaga mfupi, kalamu nyekundu imekaa nyuma ya sikio saa zote kama imeota pale. Siku yangu ya kwanza alinituma mnada wa ng'ombe. Nilirudi na kurasa tatu. Alisoma mstari mmoja.

"Umeandika 'ng'ombe wengi waliuzwa'. Wa rangi gani?"

"Rangi?"

"Ng'ombe ana rangi, kijana."

"Sikuangalia, mzee."

"Basi hukwenda. Rudi."

Nilirudi kwa miguu. Mnada ulikuwa umeshavunjika. Nilikuta mavi na vipande vya kamba. Nikaandika mavi na vipande vya kamba. Alisoma, akatikisa kichwa, akaipeleka kiwandani. Hiyo ndiyo habari yangu ya kwanza kuchapwa, na hadi leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananiadhibu. Alichoniambia ni maneno mawili tu ambayo nimewaambia ninyi hadi mkachoka: "Andika kilichopo." Si unachotaka kiwepo, wala kile ambacho kingependeza kama kingekuwepo. Kilichopo.

Nyie mnaandika kwa vidole gumba kwenye simu. Sisi tulikuwa na taipureta. Yangu ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kama debe la mahindi, na ilikuwa na kelele. Ukiipiga kwa kasi ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Utepe wake ukikauka tulikuwa tunaupaka mafuta kidogo ya taa, tunauacha ulale, asubuhi unaandika tena ukiwa umefifia kidogo. Ofisi ilipopata mashine mpya, Mzee Aminieli aliniruhusu niichukue ile ya zamani. Niliibeba begani kutoka mjini hadi Kijenge, nikapumzika mara sita njiani. Ikumbukeni kelele yake, itarudi.

Kisa kigumu cha kwanza kilikuwa kosa langu mwenyewe kwa kila namna. Niliandika kwamba mzee mmoja wa upande wa magharibi ya mlima, mfugaji mashuhuri, amefariki. Niliambiwa na mtu ambaye aliambiwa na mtu. Jumatatu saa nne asubuhi mlango wa ofisi ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye fimbo na blanketi.

"Shikamoo mzee, karibu. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Mimi ndiye marehemu."

Mlio vijana mnacheka. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Mzee yule alikuwa ametembelewa na watu wa rambirambi siku mbili mfululizo, wengine wakalia, wengine wakaanza kuulizia ng'ombe wake. Mzee Aminieli hakunifokea. Alisema tutaandika masahihisho ukurasa wa kwanza, lakini karatasi peke yake haitoshi. "Utakwenda kwake na isale," akasema.

Kwa wale mliozaliwa mbali na huku: isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona hawezi kukataa kukusamehe. Anaweza kukununia, anaweza kukuhubiria mpaka jua lizame, lakini kukataa hawezi. Nilikwenda. Mzee aliliangalia jani, akaniangalia mimi, akasema, "Haya. Lakini nikifa kweli, usiandike wewe." Alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, nilimwachia mwenzangu aandike.

Nimewaeleza hayo kwa sababu ni rahisi. Nilikosea, nilipeleka jani, likapokelewa, kisa kikaisha. Nilidhani makosa yote yamekaa hivyo.

Baadaye mwandishi wa ukurasa wa hadithi aliacha kazi, Mzee Aminieli akanipa mimi ule ukurasa. Hadithi moja kila wiki. Mnajua niliuandika kwa muda gani. Wengine wenu mlijifunzia kusoma hapo, au mnasema hivyo ili kunifurahisha. Habari niliziandikia ofisini. Hadithi niliziandikia nyumbani, mchana, siku za mapumziko na alasiri nilizoruhusiwa kutoka mapema. Na hapa ndipo familia inapoingia.

Waandishi wengi niliowafahamu walikuwa wanalalamikia nyumba zao. Mke hataki makaratasi, watoto wanapiga kelele, ndugu wanauliza utapata kazi ya maana lini. Mimi sikuwa na la kulalamikia. Mke wangu, Mama Ndeshi, alikuwa anachukua nyanya na hoho Tengeru siku za soko na kuziuza kwenye kibanda chake Kijenge, na bado akirudi anaanza kwa kuuliza, "Leo umefika wapi?" Alihamisha mbuzi upande wa pili wa nyumba ili wasinisumbue. Aliwakataza watoto mpira wa uani. Jirani mwenye redio kubwa alifuatwa akaombwa kwa heshima, na alipokataa aliombwa tena bila heshima. Kila hadithi iliyotoka aliikata kwa mkasi akaibandika kwa uji wa ngano kwenye makaunta buku, moja baada ya jingine. Sikuwahi kumwambia afanye hivyo.

Nilichowaambia ni kitu kimoja tu. Nilikuwa nimekwama kwenye hadithi fulani, mgeni akapiga hodi, akakaa saa mbili akinieleza ugomvi wa kikundi cha kwaya. Alipoondoka nilitoka nikasema kwa hasira: "Nikiwa kwenye mashine, waambieni sipo. Hata awe nani."

Hata awe nani. Hayo ni maneno yangu. Nimejaribu kukumbuka kama niliongeza chochote baada ya hapo, na sikuongeza.

Aliyepewa kazi hiyo ni Ndeshi, binti yangu wa kwanza, wakati huo akiwa darasa la tatu. Aliifanya kwa bidii kuliko wengi wenu mnavyofanya kazi zenu. Alikaa barazani na vitabu vyake, mtu akifika anasimama, anatoa shikamoo, anasema, "Baba hayupo." Na ndani mashine inapiga ta-ta-ta-ta mpaka barabarani wanasikia. Wageni wenye akili walitabasamu wakaondoka. Wasio na akili waliuliza, "Sasa huyo anayepiga ni nani?" Ndeshi alikuwa anajibu, "Ni fundi." Sijui alilitoa wapi hilo. Kwa miaka kadhaa majirani walikuwa wakiniuliza fundi wangu atamaliza lini.

Tulikuwa tunacheka. Niandike kilichopo: tulikuwa tunacheka sana.

Sasa nafika pale ninapokwama.

Baada ya sherehe yenu ya kuniaga, familia nao walinifanyia yao, nyumbani Kijenge, Jumapili baada ya ibada. Mama Ndeshi alipika loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, na pilau, kwa kuwa aliona aibu kuchagua. Watu walikaa chini ya turubai. Kaka yangu Loti aliteremka kutoka Akheri, akakaa mbele amevaa miwani yake myeusi. Kaka Loti jicho la kushoto halioni. Limekuwa hivyo kwa miaka ishirini na kitu, tumeshalizoea kama tulivyozoea kwamba yeye ni mrefu.

Ndeshi, ambaye sasa ni mwalimu na mama wa watoto wawili, alisimama kutoa neno. Alianza na kisa cha fundi, watu wakacheka. Akaendelea:

"Na mimi nilikuwa sibagui, jamani! Mchungaji amekuja, baba hayupo. Balozi wa nyumba kumi amekuja, baba hayupo. Hata Baba Mkubwa Loti nilimwambia hayupo! Tena yule alikuja mara tatu wiki moja, na bahasha yake ya kaki, kila mara namwambia hayupo, anakaa pale kwenye benchi, mama anampa chai, anakunywa, anaondoka. Baba Mkubwa, nisamehe bure!"

Watu wakapiga makofi. Kaka Loti alicheka kuliko wote, akapungia mkono. Mimi nilikuwa nimeshika sahani na sikuweza kukumbuka inawekwa wapi.

Lazima niwaeleze kwa nini. Baba yetu alikuwa na watoto wawili wa kiume na ng'ombe wachache. Alisema mmoja asome, mmoja abaki na ng'ombe. Loti ndiye mkubwa na ndiye aliyekuwa anapenda shule. Lakini mimi nilikuwa dhaifu wa kifua, ng'ombe walinishinda. Loti aliacha akiwa darasa la nne. Mimi niliendelea mpaka sekondari, na siku ninaondoka baba alisema mbele yetu sote, "Wewe ndiye utakayetusomea barua." Nilifanya hivyo kweli. Barua za ushirika, za kanisa, za shauri la mpaka, zote zilinisubiri mimi, hasa zile za Kiingereza. Kaka Loti hakumpa mtu mwingine hata mara moja. Kwake barua ilikuwa na msomaji wake, kama ng'ombe alivyokuwa na mchungaji wake.

Akheri hadi Kijenge si karibu, kwa mtu mwenye shamba la kuangalia. Mara tatu kwa wiki moja, na miaka ile Ndeshi alipokuwa akilinda mlango ndipo jicho lake lilipoanza kusumbua.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mke wangu.

"Bahasha gani?" akasema. Alikuwa anaosha masufuria.

"Aliyokuwa nayo Loti. Ndeshi amesema mbele ya watu."

"Ndeshi anatia chumvi, baba yake. Anafundisha watoto wadogo, amezoea kuongeza."

"Alikuja au hakuja?"

"Alikuwa anakuja, kwani shemeji asije? Alikuja kusalimia."

"Na wewe ulijua anaambiwa sipo."

Aliweka sufuria chini. "Ulisema hata awe nani. Ningekuingilia ungenilaumu. Ulikuwa ukikatizwa unashinda siku mbili huongei na mtu. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau, ila sikuwahi kujua kwamba wao walikuwa wanazihesabu siku hizo.

Nilimpigia Ndeshi. Siku ileile, ndani ya saa mbili tu, bahasha ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa labda bahasha, labda gazeti limekunjwa. Mara tatu zikawa mara moja au mbili. "Baba, nilikuwa mtoto, achana nayo." Nilijua kabisa kwamba mama yake ameshampigia. Mdogo wake Samweli, aliye Dodoma, alinipigia mwenyewe bila kuombwa, kuniambia kwamba hakumbuki lolote.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sijatoka bado. Nimehoji watu maisha yangu yote. Najua mtu anayeficha kitu ili ajiokoe anavyokaa. Lakini hawa walikuwa hawajiokoi wao. Walikuwa wamesimama mlangoni wananilinda, kama zamani, na safari hii nilikuwa nje ninataka kuingia.

Nilishusha makaunta buku ya Mama Ndeshi, nikatafuta miezi ile ambayo jicho la kaka lilikuwa linaanza kusumbua. Nilitaka kujua niliandika nini kilichokuwa na thamani hiyo. Nilikuta hadithi ya jogoo aliyempeleka jirani mahakamani. Nikaisoma yote nimesimama. Haikuwa hata nzuri. Mwishoni kuna hakimu anayecheka mwenyewe, na ninyi mnajua nilivyokuwa nawakataza kuandika watu wanaocheka wenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mke wangu, nikakata isale. Sikuwa nimelikata tangu yale ya marehemu aliye hai, na mkono haukumbuki. Badala ya kuchuma jani nilikata shina zima, na majani yake juu. Nikaona nimeshakata, basi. Mama Ndeshi aliniona dirishani. Aliniletea tu gazeti la kulifungia lisichafue suti. Lilikuwa gazeti letu.

Kaka Loti nilimkuta Akheri amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, anapukuchua mahindi. Shemeji alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Migomba yake imesimama mpaka mlangoni, na mibuni michache iliyobaki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Elifasi. Hicho nini?"

"Isale."

"Hilo naliona, jicho moja bado ninalo. Mbona umeleta mti mzima? Kosa lina ukubwa gani?"

"Sijui ukubwa wake, kaka. Ndiyo maana nimeleta wote."

Alicheka akasogea, nikakaa. Nililiweka isale kati yetu. Nikamwambia nilichosikia kwa Ndeshi, na kwamba hayo maneno ya hata awe nani niliyasema mimi, si mtoto wala si mama yake. Nikamuuliza kama alikuja mara tatu.

"Nilikuja mara nyingi," akasema. "Unadhani mara tatu tu? Nilikuwa napenda kukaa pale nasikiliza. Ta-ta-ta-ta, halafu kimya. Nikasema, hapo anatafuta neno. Halafu ta. Nikasema, amelipata. Ile mashine ikilia nilikuwa najua kazi inakwenda. Baba angekuwepo angekaa na mimi."

Huyo ni mtu aliyeacha shule darasa la nne ili mimi niipige hiyo mashine. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia mahindi.

"Lakini ulikuwa na barua."

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa ya nini?"

"Nitajuaje? Msomaji hakuwepo."

Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayesema mwaka fulani mvua hazikunyesha. Akainuka, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na bahasha ya kaki, kona zimelainika kwa kukaa. Akaniwekea mapajani.

"Haya, umekuja. Nisomee."

Bahasha ilikuwa imegundishwa. Nataka mkumbuke hilo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeichana, kwa kidole gumba, na gundi kavu ilitoa vumbi kwenye suti yangu.

Ndani mlikuwa na karatasi moja ya Kiingereza, imepigwa kwa taipureta kama yangu. Walikuwa ni wale madaktari wa macho wageni waliopita Tengeru mwaka ule, wakapima watu, wakaondoka, kisha wakawaandikia wale waliokutwa na tatizo. Nilisoma kimya kwanza. Ilisema jicho la kushoto la Bwana Loti lina presha, kwamba presha hiyo haiumi sana lakini inaua jicho, na kwamba afike kwao kabla ya mwisho wa mwezi, wamfanyie upasuaji, kwani bado kuna nafasi ya kuliokoa. Chini yake waliandika tena: tafadhali asichelewe.

"Inasemaje?"

Vijana wangu, nimeandika hadithi kwa miaka yangu yote ya kazi. Katika muda wa kuvuta pumzi moja nilikuwa na barua nyingine tayari kichwani. Wanakusalimu. Wanakushukuru kwa kujitokeza kupimwa. Wanasikitika kwamba hakuna la kufanya. Ingetoka vizuri sana, na yeye asingejua, na ningekuwa nimemfanyia walichonifanyia yeye na mke wangu na mtoto wangu miaka yote. Ningemlinda. Nilifungua mdomo bila kujua barua ipi itatoka.

Ilitoka ile iliyokuwepo. Nilimtafsiria neno kwa neno, mpaka lile la asichelewe, na mpaka tarehe. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Kaka Loti alimaliza gunzi alilokuwa nalo. Alilitupa kwa mbuzi.

"Ndivyo ilivyosema," akasema. "Mwalimu mmoja wa sekondari hapa jirani alishanisomea, wiki ileile. Umesoma kama yeye. Nikaenda. Wakasema hata kama ningefika siku ya kwanza, lile jicho lilikuwa limeshakwisha. Kwa hiyo hakuna kitu hapo, mdogo wangu. Hukuchelewesha chochote."

"Umesema hujui ilikuwa ya nini."

"Nilikuwa nakutania. Nilitaka kuona kama utanisomea kweli, au utaniletea zile za kwenye gazeti."

Akacheka. Nami nilikuwa nimeishika bahasha, mdomo wake umechanika palepale nilipouchana.

Nimeligeuza hilo kila upande. Inawezekana barua zilikuwa mbili. Madaktari wa namna ile huandika mara mbili. Inawezekana mwalimu aliisoma akaigundisha tena, ingawa sijui kwa nini. Na inawezekana kwamba kaka yangu, baada ya kukaa na karatasi hiyo miaka yote na kuisikia inasema nini kwa mara ya kwanza siku hiyo, alichukua muda wa gunzi moja la mahindi akanitungia hadithi ya kuniokoa. Kama ndivyo, basi mtunzi katika familia yetu hakuwa mimi. Nilitaka kumuuliza. Nilianza, "Kaka, bahasha hii..." Akanikata.

"Hilo isale lako linanyauka."

"Hujalipokea."

"Nipokee la nini? Nikilipokea nitakuwa nimesema umenikosea."

"Huwezi kulikataa pia."

"Siwezi," akakubali. Alifikiri. Alilichukua, akalipima kwa mkono kama mtu anayepima fimbo. "Pale mpakani na Zakaria kuna pengo, mbuzi wake wanapita. Jani lisingefaa kitu. Lakini hili lina shina, litashika. Twende ulipande."

Tulikwenda. Alinishikia jembe, nikachimba mimi, na kifua kikaanza kunibana kama cha mtoto aliyeshindwa na ng'ombe. Nililishindilia udongo kwa kiatu. Sijui kama nimesamehewa. Najua lilipo isale, na kwamba limepandwa wima.

Mlitaka niwaachie la kuwafaa kazini. Ninalo dogo tu. Mkiwa na watu nyumbani wanaowapenda, waambieni mko ndani. Waambieni wawakatize. Mengine yote Mzee Aminieli alishayasema, na mimi niliyarudia bila kuyaelewa.

Tuliporudi tulikaa tena kwenye benchi, bega kwa bega, upande wake unaoona ukiwa kwangu. Mara tukasikia mtu njiani, nyuma ya migomba. Alikuwa ni Zakaria mwenyewe, mwenye mbuzi.

"Hodi hapa! Mzee Loti yupo?"

Kaka yangu alijaza kifua, akaita kwa sauti iliyofika bondeni:

"Hayupo!"

Nyuma ya migomba tukasikia Zakaria anacheka, na viatu vyake vinarudi alikotoka.